Pimbi, Mbogo na Dhahabu Isiyotulia

Ngano inabisha hodi!
— Ifungulieni, ikae kitako!
Imekuja na mzigo!
— Itue, tuone!

Haya, sogeeni. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzio, usikilize.

Hapo kale, nyota zilipokuwa bado jirani zetu, zikipiga chafya tunazisikia, palikuwa na nchi ya mawe. Mawe juu ya mawe, mawe yamebebana mgongoni. Katika mawe hayo alikaa Pimbi, mjane mwenye watoto wanne. Mwili mdogo, miguu mifupi, mkia hana. Jina lake Nyamizi. Na chini ya mawe palikuwa na chemchemi moja tu, na kwenye chemchemi alikaa Mbogo.

Mbogo! Shingo nene kama kinu, pembe zimejikunja hivi, akipumua vumbi linaruka. Majani alikuwa nayo. Kivuli alikuwa nacho. Maji alikuwa nayo. Alikosa nini? Hakukosa kitu. Lakini alikuwa na ugonjwa. Akimwona mwenzake anacho kitu anakipenda, tumbo lake linanguruma: guu! guu! guu! Hali, halali, anazungukazunguka akijiuliza: "Yule ana nini ambacho mimi sina?"

Sikilizeni vizuri. Hakutaka kitu kwa sababu ni kizuri. Alikitaka kwa sababu mwenzake anakipenda.

Basi akaweka sheria pale chemchemini. Ukija na kibuyu, anakuuliza:

"Unataka maji?"

"Nataka, bwana mkubwa."

"Unapenda nini kuliko vyote?"

Ukishataja, umekwisha. "Nipe."

Akaja Kanga. Kanga alipenda ushanga mwekundu aliovishwa na mama yake siku ya kuolewa. Guu! guu! Akanyang'anywa. Akaja Kobe. Kobe alipenda kigoda alichokuwa akikalia baba yake. Guu! guu! Akanyang'anywa. Akaja Nyani. Nyani alipenda zeze lake. Guu! guu! Akanyang'anywa.

Mbogo akauvaa ushanga, ukamkaba, akautupa matopeni. Akakikalia kigoda, kacha! kikavunjika. Akalipiga zeze kwa kwato, ng'wee! nyuzi zikakatika. Vitu vyenyewe havikumpa raha. Raha yake ilikuwa kumwona Kanga anapita shingo tupu, ameinama.

Pimbi hakwenda chemchemini. Yeye na watoto wake walilamba umande kwenye majani, siku zikasogea. Lakini kiangazi kikazidi, umande ukakatika. Midomo ya watoto ikapasuka. Kitinda mimba wake akawa analia, machozi hayatoki. Mama akiona mtoto analia bila machozi, hajiulizi tena kama atakwenda au hatakwenda.

"Nitakwenda," akasema Pimbi. "Lakini atanidai nini?"

Alijua atadaiwa nini. Marehemu mume wake alimwachia kipande cha dhahabu, kikubwa kama kiazi. Alikikwangua mwambani kwa kucha zake, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka kucha zikaisha. Watu wengine wangeona dhahabu. Pimbi akikitazama aliona kucha za mume wake.

Hapo ndipo nyota ilipopasuka. Paaa! Kipande kikaja kinapiga mluzi, fiuuu! kikaanguka nyuma ya jabali. Pimbi akaenda kuchungulia. Akaona dhahabu! Rangi ileile, mng'aro uleule, kubwa kama kiazi, kama pacha wa ile ya mumewe. Lakini majani yote yaliyoizunguka yalikuwa yamenyauka, na mchwa wamelala chali, na tone moja la fedha linakimbia chini. Manyoya yakamsimama Pimbi. Akarudi nyuma, mbio, tifu tifu tifu, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuwahamisha watoto wake kwenye mawe ya juu, mbali kabisa.

Maana alikumbuka maneno ya bibi yake. Bibi yake alimwambia hivi:

"Mjukuu wangu, Dhahabu ana watoto wengi. Sura moja, rangi moja, hata mama yao huwachanganya. Tofauti iko ndani, kwenye punje za uzito, ndogo mno, jicho haliwezi kuziona. Mmoja tu ndiye aliyepata punje zikamtosha sawasawa. Huyo akikaa, amekaa. Leo dhahabu, kesho dhahabu, vitukuu watamkuta dhahabu. Waliobaki wote wamepunjwa au wamezidishiwa, ndiyo maana hawatulii. Wanarusha mishale isiyoonekana, wanaunguza bila moto, mpaka wageuke kitu kingine. Aliyepunjwa, mara nyingi huishia kuwa platini, madini meupe magumu. Aliyezidishiwa huishia kuwa zebaki, ile fedha ya maji. Na hawaondoki kwa mpigo. Inaondoka nusu, halafu nusu ya iliyobaki, halafu nusu ya hiyo, mpaka unabaki unajifuta vidole."

"Sasa bibi, nitawajuaje?"

"Yule mtulivu ukilala naye chumba kimoja, mnaamka wote wazima. Yule asiyetulia atakuhamisha nyumba."

Pimbi akakaa juu ya jabali, akashika tama. Akatazama chemchemi. Akatazama kule nyota ilikoanguka. Akacheka peke yake: hi hi hi!

Akatafuta risasi, lile jiwe la kijivu, zito, ambalo mishale ile hailipenyi. Akalichonga chungu, kuta nene, na kifuniko kinene. Akachukua mti mrefu kuliko yote, akasimama mbali, akaisukuma ile dhahabu ya nyota, polepole, polepole, tumbu! ikaingia chunguni. Akafunika. Akakisukuma chungu kwa ule mti mpaka ndani ya ufa mwembamba wa mwamba, mahali ambapo pimbi anapita na mbogo hapiti.

Na ile ya mume wake? Akaipaka udongo, akaiweka mlangoni, iwe jiwe la kufutia miguu. Roho ilimuuma, mjue. Kila aliyepita aliifutia miguu, na kila mara Pimbi aligeuza uso.

Kisha akaketi mbali kidogo na ule ufa, mahali ambapo Mbogo anamwona vizuri, akaanza kuimba na kulia:

*Lala, wangu wa manjano, lala,*
*nikikukosa mimi nani, lala,*
*wasikuone wenye macho, lala.*

Kule chini Mbogo akainua kichwa, majani yako mdomoni. Guu!

"Pimbi ana nini ambacho mimi sina?"

Akajaribu kunywa maji, hayapiti. Akajaribu kulala, usingizi hauji. Pimbi huyu! Kiumbe hata mkia hana! Analia kwa ajili ya kitu gani? Guu! guu! Asubuhi ya pili akapanda mawe, anahema, kwato zinateleza, krrr! krrr! Kanga, Kobe na Nyani wakamfuata nyuma kwa mbali, wakaone mwenzao naye anavyonyang'anywa.

Mbogo akafika mlangoni kwa Pimbi. Akapangusa kwato zake pale kwenye jiwe, akaingia uani.

"We Pimbi! Unamwimbia nani?"

"Simwimbii mtu, bwana mkubwa."

"Kwenye ufa mna nini?"

"Hamna kitu, bwana mkubwa." Na machozi tiririri.

Mbogo akaingiza kichwa. Pembe zikagonga mwamba, kong'! Akarudi nyuma, akajitupa tena, kong'! Jicho moja tu ndilo lililopita, likaona chungu. Jicho likawa jekundu.

"Leta chungu, nikupe maji. Kibuyu kizima."

"Sitaki maji."

"Vibuyu kumi!"

"Sitaki."

Mbogo akashangaa. Tangu lini mtu akakataa maji wakati wa kiangazi? Hiki kitu anakipenda namna gani? Guu! guu! guu! Tumbo likanguruma mpaka Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba.

"Pimbi, unataka nini?"

"Nataka niachwe na changu, bwana mkubwa."

Neno "changu" lilimchoma kama mwiba. Mbogo akapiga mguu chini. "Chukua chemchemi yote! Mimi nahama, nakwenda zangu uwandani, ilimradi niondoke na hicho!"

Pimbi akaacha kulia, akameza mate, akaanza tena kulia. "Chemchemi iwe ya nani? Yangu?"

"Yako, ya Kanga, ya Kobe, ya nani sijui! Iwe ya wote!"

"Na hutarudi kuidai?"

"Sirudi! Hawa hapa mashahidi!"

"Basi bwana mkubwa, nami nakwambia mbele ya mashahidi haohao," akasema Pimbi, huku analia kwi kwi kwi. "Dhahabu hii si ile inayotulia. Ni ile iliyozidishiwa. Ukiitoa chunguni itakuunguza bila moto. Na haitakaa. Itakuondokea nusu, halafu nusu ya nusu, igeuke zebaki. Tafadhali usiichukue. Ukiichukua, usifunue."

Mbogo akacheka mpaka mawe yakatikisika. "Wivu huo! Unaona naondoka na kitu chako, unataka nisikifurahie. Wivu mbaya, Pimbi. Ujirekebishe."

"Nitajirekebisha, bwana mkubwa."

Akakisukuma chungu nje kwa ule mti mrefu. Mbogo akakinyakua kwa meno, akateremka mawe, akaenda zake uwandani. Alipofika huko, unadhani aliiacha chunguni? Dhahabu iliyofunikwa nani ataiona? Nani ataumia roho? Akapiga kifuniko teke, akachukua ulimbo wa mti, akaibandika dhahabu kwenye paji la uso, katikati ya pembe. Akatembea katikati ya uwanda, kwa maringo, tii, tii, tii.

Wanyama walikwishaambiwa na Pimbi wasimsogelee. Pundamilia akatazama kwa mbali, akaondoka. Swala akatazama kwa mbali, akaondoka.

"Tazama wanavyoumia!" akasema Mbogo. "Hawawezi hata kunikaribia. Wivu unawatafuna!"

Akalala na furaha. Akaamka kichwa kinamgonga. Akala majani, akayatapika. Paji la uso likamuwasha, likawa jekundu kama limekaa jikoni, na moto hakuuona. Akajikuna kwenye mti, nywele zikabaki mtini, shata! Hata hivyo hakuivua. Aivue, aokote nani?

Kabla ya jua la tatu kuzama akahisi kitu puani. To! Tone la fedha. To! Jingine. Yanateremka, yanaanguka chini, yanagawanyika, yanakimbia kwenye nyasi kama yanamcheka. Akajaribu kuyakanyaga, yakamponyoka. Akaenda kujitazama kwenye dimbwi. Dhahabu imebaki nusu!

"Mwizi!" Akazunguka nyuma yake. "Nani kaja hapa?" Hakuna mtu. Akakesha macho wazi, anailinda. To! to! to! Ikabaki nusu ya ile nusu. Akailinda zaidi. Ikabaki nusu ya hiyo. Unamlinda mtu asiondoke, naye anaondoka ukimwona! Mpaka ikabaki chembe kama jicho la sisimizi, na ulimbo mtupu, na kipara kinang'aa.

Mbogo akarudi kwenye nchi ya mawe, anayumba. Akakuta chemchemi imejaa wenyewe. Kanga anaoga. Kobe anaelea. Watoto wa Pimbi wanarushiana maji, pwaa! pwaa! wanalia kwa kucheka, na machozi yanatoka.

"Pimbi! Umeniibia! Ulikuja ukachukua nusu, ukarudi ukachukua nusu!"

Pimbi akainuka majini, akajikung'uta. "Bwana mkubwa, nilikwambia."

"Hukuniambia!"

Kobe akatoa kichwa kwenye gamba, taratibu. "Alikwambia. Alisema nusu, halafu nusu ya nusu. Mimi nilikuwepo."

"Alisema na zebaki," akaongeza Kanga.

"Akakusihi usifunue," akasema Nyani.

Mbogo akawatazama wote. Akataka kushambulia, akajikwaa kwenye jiwe. Akauliza kwa sauti ndogo, "Basi ile nyingine iko wapi? Ile inayotulia? Maana ulisema hii si ile."

"Ipo," akasema Pimbi. "Iko mlangoni kwangu. Ulipangusia kwato siku ile ulipokuwa unaingia."

Mbogo akazitazama kwato zake. Akaugeuza mwili wake mkubwa, akaondoka, na hakurudi kuidai chemchemi. Pale palipobanduka nywele hazikuota tena, ndiyo maana mbogo akizeeka utamwona ana vipara usoni. Na huko uwandani, akimwona hata ndama ana nywele kichwani, tumbo linasema: guu!

Sasa fundisho. Nani anacheka? Fundisho la ngano hii ni kwamba wivu ni kitu kizuri sana. Kama si wivu wa Mbogo, Kanga angeoga wapi? Basi kesho mkiamka, kila mmoja amwonee jirani yake wivu kwa bidii, ili watu wapate maji. La pili, semeni kweli siku zote, watoto wangu. Lakini iseme huku unalia, hapo utakuwa salama, maana hakuna atakayekuamini.

Ngano imetua mzigo!
— Ipewe maji, ipumzike!
Imekunywa, inaondoka!
— Iende salama, isitufinye mlangoni!