Kwa Nini Mnyaa Hauna Majani

Mnyaa mnaouona leo, huu wa vijiti vya kijani vitupu, haukuumbwa hivi. Hapo kale, kabla babu za babu zetu hawajapewa majina, mnyaa ulikuwa na majani mapana kama masikio ya mbuzi, na utomvu wake mweupe ulinyweka. Ulikuwa mtamu na mzito kama maziwa ya asubuhi. Katika nchi yote ya mbuga ulikuwako mnyaa mmoja tu, nao ulikuwa uani kwa Kalunde.

Kalunde alikuwa mjane. Mumewe alikufa angali kijana, na katika watoto watatu aliowazaa hakuna aliyefikia umri wa kutembea. Nyumba yake ilikaa peke yake juu ya kilima cha mawe, na kama si ule mti, mwezi mzima ungepita bila mtu kumbishia hodi. Lakini watu walikuja. Walikuja wachungaji wenye kiu, wakaja kina mama waliokaukiwa maziwa. Kalunde alivunja kijiti kimoja, akatega kibuyu chini yake, na kwa kuwa utomvu ulidondoka tone kwa tone, mgeni hakuwa na budi kukaa. Saa hizo ndipo Kalunde alipojiona yu hai. Aliuliza habari za harusi, za ndama waliozaliwa, za nani kagombana na nani. Na kibuyu kilipokaribia kujaa, alikisogeza pembeni kidogo, tone moja moja lianguke mchangani, ili mgeni akawie.

Ikaja miaka miwili ya jua. Visima vikabaki tope, kisha tope likapasuka. Wageni wa Kalunde wakaongezeka, ila sasa walitega vibuyu na kuyatazama matone bila kusema neno. Siku moja akapanda kilima Masunga, aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko wote kijijini, shoka begani.

"Masunga mwanangu, shoka la nini?" Kalunde aliuliza.

"Nakata majani, mama. Ng'ombe wangu wanakufa."

"Vunja kijiti kimoja kama wenzako. Mti huu ukikatwa shina hauamki."

Masunga hakumtazama. "Mimi nina ng'ombe wanaokufa, nina watoto wanaolia. Wewe, mama, una nani wa kufa?"

Kalunde alirudi nyuma. Alisimama ameegemea ukuta mpaka mti ukaanguka. Wengine waliposikia mlio wa shoka walikuja mbio, kila mtu akaburuta tawi lake, na kabla jua halijatua kilibaki kisiki na vijiti vilivyotawanyika vumbini.

Baada ya hapo hakuja mtu. Kalunde alipika, akala, akaosha chungu, akakaa mlangoni kuitazama njia. Ikafika hatua sauti yake mwenyewe ikawa inamshtua. Waliopanda kilima ni fisi tu, wakinusa mlango wake. Ndipo alipoviokota vile vijiti, akavichomeka kuizunguka nyumba, akavigawia maji yake ya kunywa. Alisema navyo, maana hakuwa na mwingine wa kusema naye.

"Oteni, lakini msiote majani. Majani ndiyo yaliyoleta shoka. Na utomvu wenu usimfae mtu. Atakayewavunja auonje uchungu wangu."

Vijiti vikasikia. Vikaota vitupu, vikapanda, vikasongamana, hata fisi wakakoma kuja. Kalunde akalala salama.

Habari zikafika kijijini kwamba mnyaa umechipua. Asubuhi moja Kalunde alisikia hodi, sauti nyembamba ya mtoto. Alikuwa Nkwimba, ametumwa na mama yake aliyejifungua na kukaukiwa maziwa. Kalunde alijifunga kanga upya, akapangusa kigoda, akatoka mbio akicheka. Lakini mtoto hakungoja. Alikwisha kuvunja kijiti, na utomvu ukamrukia machoni.

"Bibi, moto! Bibi, sioni!"

Ndani mlikuwa na mtungi mmoja wa maji, na kisima chenye maji kilikuwa mwendo wa nusu siku. Kalunde hakufikiri. Alimlaza mtoto mapajani akayamimina yote. "Fumbua, mjukuu wangu. Fumbua tu, nakuosha." Jioni jicho la kulia lilifunguka likaona. La kushoto lilibaki na ukungu hadi Nkwimba alipozeeka.

Baada ya kumrudisha mtoto kwao, Kalunde alipiga magoti mbele ya ua akaomba maneno yake arudishiwe. Minyaa ilisimama kimya. Neno likishatoka halina njia ya kurudia.

Kesho yake aliteremka na fimbo, nyumba kwa nyumba. "Mnyaa wangu umekuwa sumu. Msiunyonye, msiuchezee. Ukimrukia mtoto machoni, mwosheni kwa maji mengi, msiyaonee uchoyo." Watu walimsikiliza wakiwa milangoni, hakuna aliyempa kigoda. Mama yake Nkwimba alifunga mlango. Ni Masunga tu aliyemfuata njiani. Ng'ombe wake walikuwa wamebaki wawili.

"Mama, fisi wanauvuka ua wako?"

"Hawauvuki."

Masunga akatazama chini. "Nipe vijiti vya mbegu."

Kalunde aliegemea fimbo yake. "Njoo uchukue. Ukivunja, geuza uso."

Akaja akachukua, na kijiji kizima kikaja baada yake. Walivunja haraka, wakashukuru, wakaondoka. Kigoda kilikuwa tayari mlangoni kila siku, hakuna aliyekikalia.

Kalunde alikufa msimu wa kipupwe, na ilichukua siku nyingi watu kujua. Mnyaa ulikuwa umeziba njia ya mlangoni, wakalazimika kuufyeka ua, nyuso wamezigeuza, ndipo wakamfikia. Walimzika mumo humo.

Na tangu hapo mnyaa hauna majani, mbuzi hawaugusi, na mama akimwona mwanawe karibu na ua humwita kwa ukali. Watu huhama, nyumba huanguka, mnyaa hubaki. Kwa hiyo ukipita mbugani ukakuta minyaa imesimama duara, na ndani yake hamna ila nyasi, usipite kimya. Piga hodi.