Kwa Nini Mswisi Huweka Silaha Nyumbani Wala Haendi Vita vya Wengine

Zamani milima ya Uswisi ilikuwa haina mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe kila mwenye kwapa kubwa hutaka kukibeba. Upande wa mawio alikaa Mtawala mwenye ngome saba. Upande wa machweo alikaa Mfalme mwenye mashamba ya mizabibu hadi macho yachoke. Katikati yao ilisimama milima yenye theluji, na katika milima hiyo palikuwa na njia moja tu ya kupita, nyembamba kama koo la kuku. Watu waliiita hivyo hivyo, Koo. Aliyelishika Koo ndiye aliyeamua nani avuke na nani arudi kwao na baridi yake.

Waliokaa pale walikuwa wafugaji, nyumba arobaini na kitu. Siku hizo hakuna nyumba iliyokuwa na silaha, na kila nyumba ilikuwa na mwana vitani. Ndiyo, nimesema sawasawa. Silaha zilikaa katika ghala za wakubwa, na wakubwa walipotaka kupigana walikuja kukodi vijana wa milimani, maana kijana aliyekulia kupanda mawe huku amebeba ndama begani, adui mnene wa bondeni hamsumbui. Basi watu wale wakajiona wajanja. Mwenye wana wawili alimpeleka mmoja kwa Mtawala na mmoja kwa Mfalme, ili yeyote atakayeshinda, nyumba iwe na mtu wake kwa mshindi. Ujanja wa namna hiyo ni wa kuku anayetagia njia panda ili kila mpita njia amsifu.

Regula naye aliufanya ujinga huo. Alikuwa mjane, mikono yake imekomaa kama magome ya mti, na wanawe walikuwa wawili, Jost na Balz. Jost, mkubwa, akaenda mashariki. Balz, mdogo, akaenda magharibi. Siku walipoondoka hakulia. Aliwaambia wafunge viatu vizuri, akarudi kwenye jibini lake.

Maana kazi yake ilikuwa jibini. Wakati wa kiangazi ng'ombe wote wa Kooni hupelekwa malishoni juu, na maziwa ya nyumba zote hutiwa katika sufuria moja kubwa ya shaba. Mshika mwiko wa sufuria hiyo alikuwa Regula. Na mila ya sufuria ilikuwa kali: mshika mwiko hana upande. Watu wagombane mipaka, wagombane mafahali, wagombane hata bibi harusi, yeye hukoroga maziwa ya wote sawasawa. Lakini anayetia kidole ndani ya sufuria, awe nani, huchapwa mwiko wa vidole, na hakuna pa kushtaki.

Kiangazi kimoja akapita mchuuzi wa chumvi na punda wake, uso umemsawijika.

"Mama Jost," akasema, "nimemwona mwanao. Amepata cheo. Ana kofia yenye unyoya mwekundu, anatembea mstari wa mbele."

"Na Balz?"

"Balz nimemwona juzi kule kwingine. Naye yuko mstari wa mbele."

"Mbele ya nani?"

Mchuuzi akamtazama punda wake, kana kwamba punda ndiye angejibu. "Mbele ya kaka yake, mama. Majeshi yote mawili yanakuja hapa. Kila mmoja anataka kupita Kooni kwenda kumpiga mwenzake, na wote wawili wamewaweka watu wa milimani mbele ili wafe kwanza. Watafika keshokutwa."

Regula akakoroga mara tatu, akautoa mwiko. Kisha akafanya jambo ambalo halijapata kuonekana kiangazi: akaiondoa sufuria motoni.

Mchana ule ule wanaume walikutana kwenye uwanja wa majani, kama ilivyokuwa desturi yao. Huko hawana kiti cha chifu. Husimama duara, husema, kisha huinua mikono, na mikono mingi ndiyo hukumu. Wanawake walisimama nje ya duara na kunyamaza. Wa nyumba za juu walisema, "Tumfungulie Mtawala, yuko karibu, atatuchoma." Wa nyumba za chini walisema, "Tumfungulie Mfalme, ana watu wengi, atatumaliza." Wakaanza kushikana mashati. Mzee Heini, aliyeongoza duara, alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Regula akalipasua duara kwa bega. Mwiko ulikuwa mkononi, ukidondosha maziwa.

"Mama Jost!" mzee Heini akanguruma. "Hili ni baraza la wanaume."

"Nawaona, mzee Heini. Nilidhani ni zizi la ndama, kila mmoja analilia chuchu yake."

Wengine wakacheka, wengine wakanuna. Yeye hakungoja.

"Mnauliza tumfungulie nani. Mimi nakoroga maziwa yenu mwaka wa kumi na nane. Nimewahi kukoroga ya Heini nikayaacha ya jirani yake? Nimewahi kumwacha mtu atie kidole? Hili Koo ni sufuria. Asipite yeyote. Wa mawio asipite, wa machweo asipite, na atakayetia kidole tumchape."

"Tumchape kwa kitu gani?" akauliza mmoja wa nyumba za juu. "Kwa mwiko wako? Silaha ziko wapi?"

"Silaha zipo. Wanazo watoto wetu, na wako njiani wanakuja nazo."

"Na watoto wenyewe tutawatoaje mikononi mwa wakubwa?"

"Kama tunavyotoa ng'ombe malishoni," akasema Regula. "Kwa kuwaita."

Kila mtu alielewa, na nyinyi nitawaeleza. Watu wa milima ile wana mwito wa kuita ng'ombe jioni, mrefu, unapanda na kushuka kama mlima wenyewe, na ndani yake ng'ombe wa kila nyumba huitwa kwa jina. Katika majeshi ya wakubwa mwito huo ulipigwa marufuku. Askari wa milimani aliyeupiga hata kwa mluzi alichapwa viboko, kwa sababu wenzake wakiusikia walikuwa wakiacha uji motoni na kushika njia ya kwao. Makapteni walikuwa wanauogopa kuliko tauni.

Mzee Heini akainua mkono wake. Ukafuata wa pili, ukafuata wa tano, na kabla kivuli hakijasogea mikono yote ilikuwa juu. Siku nzima iliyofuata walikata magogo na kuyapanga ukingoni mwa Koo pamoja na mawe.

Majeshi yakafika asubuhi ya siku ya tatu. Regula alipanda jiwe lililo juu kabisa ya njia, mahali ambapo mtu huona pande zote mbili. Chini mashariki aliona bendera nyeusi, na mbele yake unyoya mwekundu. Chini magharibi aliona bendera ya bluu na mistari ya vijana ambao majina yao aliyajua tangu wakitambaa. Mikuki yao ilikuwa mirefu mara tatu ya mtu. Akahesabu hatua. Kwa mwendo ule, Jost na Balz wangekutana pale pale alipokuwa amesimama, na mmoja wao asingeshuka. Akaweka viganja mdomoni, akaita.

"Njooo, Blesa wa Heini, njooo! Njooo, Bruna, mwenye pembe moja, njooo! Njooo, Shtella wa mjane wa kisimani, maziwa yanakuuma, njooo!"

Akaita nyumba baada ya nyumba. Mlima mmoja ukaudaka mwito, ukaurushia wa pili. Upande wa Mfalme kijana mmoja akasimama katikati ya mstari, na aliye nyuma akamgonga mgongoni. Alikuwa Balz. Hakuomba ruhusa. Akaweka mkuki begani na kuanza kupanda mbio, kama mtu aliyesikia kwamba chakula kimeiva. Nyuma yake wakatoka kumi, wakatoka arobaini, mstari wa nyuma ukawa wa mbele, na bendera ya bluu ikabaki pale na mbebaji wake peke yake, anatazama huku na huku.

Upande wa mashariki kapteni alikuwa mwerevu. "Ngoma!" akafoka. "Pigeni ngoma asisikike!" Lakini mpiga ngoma alikuwa mtoto wa yule mjane wa kisimani. Alipiga mara mbili, akasikia jina la Shtella, akachomeka vijiti mkandani na kupanda mlima na ngoma yenyewe. Wenzake wakamfuata, mikuki mikononi, makundi kwa makundi.

Jost hakutoka. Cheo humfanya mtu awe na mguu mzito. Alisimama peke yake, unyoya unapepea, macho yameganda mbele. Mama yake alimwona vizuri. Hakumsihi, wala hakumtaja jina. Alikuwa na ng'ombe mmoja, Flori, ambaye Jost alimlea kwa mkono mwaka wa theluji kubwa, akilala naye zizini asigande.

"Njooo, Flori!" akaita, polepole kuliko wote. "Njooo, Flori, umezaa, na ndama wako hana wa kumshika, njooo!"

Jost akavua kofia. Akampa kapteni aishike, kama mtu anayekwenda msalani na atarudi sasa hivi. Hakurudi.

Ndugu wale wakakutana juu ya Koo kama ilivyokuwa imepangwa, mmoja kutoka mawio na mmoja kutoka machweo, na kila mmoja na mkuki wa bwana wake. Wakatazamana.

"Mmekonda," Regula akawaambia. "Msinisimamie hapo kama mbuzi waliolowa. Kila mtu ageuke atazame alikotoka."

Wakageuka. Migongo yao ikagusana. Balz akaelekeza mkuki magharibi, Jost akauelekeza wake mashariki, na watu themanini na kitu wakafanya vivyo hivyo, mgongo kwa mgongo, mpaka Koo likawa nungunungu.

Mtawala wa Mashariki alipandwa na hasira. Akawaamuru wapanda farasi wake, waliovaa vyuma hadi puani, wapande wakalifungue. Walipanda wawili wawili, maana njia haikuchukua watatu. Wazee walioachwa nyumbani kwa kuwa hawafai vita wakasukuma magogo. Yakafuata mawe. Farasi ana akili kuliko mwenye kumpanda, wakageuka wenyewe, na waliokuwa nyuma wakakanyagwa na waliokuwa mbele. Wachache waliofika juu walikutana na ukuta wa mikuki iliyonolewa katika ghala la Mtawala mwenyewe. Shughuli ilikwisha kabla maziwa hayajachemka. Mtawala, aliyekuwa amepanda nyuma yao, aliteremka kwa miguu, kiatu kimoja kimebaki topeni.

Milima ikajaa vigelegele. Watu wakakumbatiana, mpiga ngoma akaipiga ngoma yake vizuri kuliko alivyowahi kuipigia jeshi. Hapo ndipo akapanda mjumbe wa Mfalme, tarumbeta mkononi, tabasamu limepakwa asali.

"Hongereni, marafiki zetu!" akasema. "Mmempiga adui yetu. Fungueni njia, tushuke pamoja tummalize. Mfalme wangu hatawasahau."

Damu za vijana zilikuwa bado moto. Wengine wakaanza kushangilia, wengine wakawa wanatafuta njia ya kushukia mashariki. Mzee Heini mwenyewe mkono ulikuwa unapanda. Regula akafungua mdomo awatukane wote, lakini Jost akamtangulia.

"Bwana mjumbe," akasema Jost, "nimekula mkate wa bwana mmoja mpaka nikaja kumwua ndugu yangu. Sitakula wa mwingine. Ukiwa hapo ulipo, wewe ni rafiki yetu. Ukipanda hatua kumi zaidi, utakuwa kama yule aliyepoteza kiatu."

Mjumbe akaitazama miguu yake. Akatazama magogo yaliyobaki ukingoni, nayo yalikuwa mengi. Akashuka kinyumenyume, hatua kwa hatua, akiwa bado anatabasamu kwa kuwa hakujua pa kulipeleka lile tabasamu. Mfalme alikaa chini siku tatu, mvua ikamnyeshea, akaenda zake.

Mzee Heini akaita duara palepale juu ya mlima, na siku hiyo hakuna aliyewaambia wanawake wasimame nje. Jost akauliza kama wamfuate Mtawala. Hakuna mkono. Balz akauliza kama wampelekee Mfalme hata kijana mmoja kumtuliza. Hakuna mkono. Kisha Regula akauliza kama kila mtu achukue mkuki alioshika, akauweke nyuma ya mlango wake, ukae hapo. Ikainuka mikono yote, na mwenye mikono miwili akainua miwili. Wakubwa walituma watu kudai mikuki yao. Waliambiwa waje wenyewe waichukue.

Na tangu siku hiyo Mswisi hukaa na silaha yake nyumbani, ameipaka mafuta, na akiitwa huitika siku hiyo hiyo, mkulima kwa mwalimu, kulinda mlima wake. Lakini vita vya wengine haendi. Wamepita wafalme wangapi, wamepigana vita vikubwa vya kuunguza dunia kushoto na kulia kwake, yeye yuko katikati na mlango wake umefungwa. Na wakubwa wakishachoka kuuana, hufunga safari kwenda kwake kutafuta suluhu, kwa kuwa hana upande. Huwakaribisha vizuri, huwapa viti, huwaacha wapatane. Lakini akiingia mtu bila hodi, atajua nyuma ya mlango kuna nini.