Yangeyange na Neno Lake Moja

Mpo hapo?

Tupo!

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo!

Basi yategeni. Na anayetaka kusinzia akasinzie kule nyuma, asinikatize kwa mikoromo.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na mbio ndefu. Wanyama wadogo walipanda farasi, wakatoka mtoni asubuhi, wakavuka mbuga hadi mlimani. Njiani palikuwa na visima vitatu, na kwenye kila kisima farasi alipimwa na mwamuzi. Akiwa mzima, anaendelea. Akiwa hoi, anatolewa, asije akafa kwa ajili ya mtungi wa asali, maana zawadi ilikuwa hiyo.

Simba aliomba awe mwamuzi. Alisema anawapenda mno farasi. Wakamshukuru sana, wakamnyima.

Kazi akapewa ndege, Bwana Yangeyange. Kwanza, ana manyoya meupe kama koti la daktari. Pili, maisha yake yote ameshinda migongoni mwa ng'ombe na nyati, kwa hiyo miili ya wanyama anaijua. Na kweli aliijua, tusimwonee. Ila alichokijua hakikumtoka mdomoni.

Bi Tumbili naye alikuwa na farasi wake. Alimlea tangu mama yake alipokufa, akimnywesha maziwa kwa jani la mgomba. Hawakuwa na ndugu mwingine duniani.

Siku ya mbio wakafika kisima cha kwanza. Yangeyange akatega sikio kifuani mwa Farasi. Akafinya ngozi ya shingo. Akatazama fizi. Akamkimbiza kidogo, kwenda na kurudi. Kisha akakunja shingo yake, akasema:

"Mh! Pita."

"Farasi wangu yukoje, Bwana Mwamuzi?"

"Nimesema pita. Hukusikia?"

Tumbili akamgeukia Nguchiro, mpanda farasi mwenzake, bingwa wa kujua yasiyojulikana.

"'Mh' fupi ni afya tele, shoga," Nguchiro akamwambia. "Ndefu ndiyo mbaya. Na akijikuna kwa mguu wa kushoto, ujue moyo ni safi kabisa."

Elimu hiyo, jamani!

Wakafika kisima cha pili. Yangeyange akatega sikio. Akafinya ngozi. Akatazama fizi. Akamkimbiza kidogo, kwenda na kurudi.

"Mhhh! Pita."

"Shoga, mbona hii ndefu?" Tumbili akauliza.

"Hiyo ni ya vumbi," akajibu Nguchiro, akaenda zake.

Tumbili akamwinamia Farasi sikioni. "Mwanangu, wewe mwenyewe unajisikiaje?"

"Mguu wa nyuma unanivuta, mama, na kiu hainiishi. Lakini daktari kasema pita. Mimi ni nani niujue mwili wangu kumshinda daktari?"

Basi wakaenda. Kisima cha tatu hawakukifikia. Farasi alipepesuka, akapiga magoti, akaanguka. Yangeyange akaja akiruka, akatua, akatazama, akatangaza kwa sauti kubwa:

"Toka!"

Farasi yuko chini, ulimi nje, naye anamtoa mashindanoni! Macho makali yale, tumshukuru.

Tumbili alilia. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu kisima cha kwanza. Ngozi yake ilichelewa kurudi nilipoifinya, dalili ya kukosa maji. Cha pili akaanza kuchechemea kidogo mguu wa nyuma. Lakini alikuwa bado anafaa, kwa hiyo nikampitisha."

"Na hukuniambia!"

"Kazi yangu ni kupitisha na kutoa. Mengine ni ya kitaalamu, ungeyaelewa wapi?"

Tumbili akamgeukia Farasi wake. Alimmwagia Farasi maji, akamnywesha kidogo kidogo, akamfukuzia nzi hadi akasimama. Aliponea chupuchupu.

Sasa, Tumbili alilala juu ya mti, na chini ya mti alilala Nyati. Kila asubuhi Yangeyange alikuja kuokota wadudu miguuni mwa Nyati, na kila asubuhi aliuliza kwanza, maana Nyati ana siku zake.

"Bi Tumbili, Nyati kaamkaje leo?"

"Mh! Pita."

Akapita. Nyati akamkoromea mpaka akaruka.

Kesho yake akaja tena. "Bi Tumbili, Nyati kaamkaje leo?"

"Mhhh! Pita."

Akapita. Nyati akakanyaga, nusura amvunje mguu.

Siku ya tatu akaja kwa kunyata. "Bi Tumbili, tafadhali, Nyati yukoje?"

"Nimesema pita. Hukusikia?"

Akapita. Lo! Nyati alikuwa ameumwa na nyuki puani alfajiri ile. Alimpiga teke moja, daktari akaenda kutua matopeni, kichwa chini mkia juu.

"Toka!" Tumbili akapiga kelele kutoka juu.

"Ulijua kaumwa na nyuki?"

"Nilijua. Mengine ni ya kitaalamu, ungeyaelewa wapi?"

Yangeyange alikaa matopeni, koti jeupe limekuwa la kahawia. Aliona aibu. Akafikiri sana.

Mbio zikaja tena. Kisima cha kwanza akatega sikio, akafinya ngozi, akatazama fizi, akamkimbiza Farasi kwenda na kurudi. Akakunja shingo. Watu wakasubiri "Mh".

"Amepita," akasema. "Moyo wake umetulia upesi, vizuri. Ngozi inachelewa kidogo, basi anywe kabla hujapanda. Mguu wa nyuma wa kulia anaukanyagia kwa woga. Hapa kwenye tambarare si neno. Kule mlimani utamsumbua."

Tumbili akautazama mlima. Akamtazama Farasi. Akashuka.

"Kwani nimekutoa?" Yangeyange akashangaa. "Umepita!"

"Nimesikia, Bwana Mwamuzi. Na hayo mengine nimeyasikia pia. Asante sana."

Akashika hatamu, wakarudi nyumbani kwa miguu, bega kwa bega. Asali akaichukua Nguchiro, na mpaka leo anaeleza kwamba siri ni kusoma 'Mh' ya mwamuzi. Tumbili hana asali. Ana Farasi.

Funzo ni hili: anayeamua juu ya mwenzake aseme na sababu, na aseme mapema, kabla hajaanguka. Neno "pita" peke yake halimwonyeshi mtu shimo lililo mbele.

Ngano yangu nimeifunga hatamu, nimeiacha kisimani inywe maji. Aliyeisikia akamsimulie mwenzake. Aliyelala asije kuniuliza kesho ilikwendaje.

Nitamjibu, "Mh!"