Mpima Maji na Kaka Yake

Mtu mmoja alikuwa na kazi ya kupima maji ambayo hakuna aliyeyaona. Jina lake Fokasi Ndunguru, mkulima wa kahawa kama jirani zake, mtu wa maneno machache. Chini ya mlima wa kijiji chao palikuwa na mgodi wa makaa ya mawe, na mahandaki yake yalikuwa yamepenya hadi chini ya mashamba. Mahandaki hayo yalivuja maji bila kukoma. Pasipo pampu kuyavuta na kuyamwaga mtoni, wachimbaji wangezama. Lakini maji yanayovutwa huku hupungua kule. Kwa hiyo wenye mgodi walizamisha mabomba membamba ardhini pande zote za mlima, wakamweka Fokasi ayaangalie. Aliteremsha utepe wenye kidude nchani, kidude kikagusa maji kikalia, naye akajua maji yamekaa kina gani. Kisha alishuka kwenye mfereji wa mgodi, akachota maji yanayokwenda mtoni ili yakapimwe kama ni salama.

Kaka yake, Desderi, aliendesha pampu katika handaki la mashariki. Baba yao alipokufa, Desderi ndiye aliyemlea Fokasi. Nyumba zao zilitazamana, na familia zote mbili zilichota katika chemchemi moja, pamoja na karibu kijiji kizima.

Basi, bomba lililokuwa juu ya chemchemi ile likaanza kusema habari mbaya. Kila Fokasi alipoteremsha utepe, ulishuka zaidi kabla ya kulia. Alimweleza mhandisi, na mhandisi akamwamini. Akasema maji yakiendelea kushuka hivyo, itabidi handaki la mashariki, lililopita chini ya chemchemi, lifungwe na kuzibwa. Fokasi akaona si haki wageni wa mgodini wajue na wenyeji wasijue. Akasimama katika mkutano wa kijiji, akaeleza.

Desderi akainuka. Hakukasirika, alitabasamu.

"Mdogo wangu, babu zetu walikunywa pale miaka yote bila kupima, na maji hayakupungua. Yameanza kukimbia tangu wewe uanze kuyachungulia."

Watu wakacheka. Kicheko kikaisha, neno likabaki. Halikuwa neno la kweli, lakini lilikuwa jepesi kubeba, na kila mtu akaenda nalo nyumbani. Baada ya siku chache mama mmoja alimwomba Fokasi, kwa upole kabisa, asipite tena shambani kwake na utepe ule.

Asubuhi moja Fokasi alifika kwenye bomba la chemchemi, akateremsha utepe, nao ukagota. Mtu alikuwa amelijaza mawe. Kifuniko hakikuvunjwa, kilifunguliwa kwa spana na kurudishwa mahali pake vizuri. Pale kijijini, mbali na Fokasi, spana ya namna ile alikuwa nayo mtu mmoja tu, mwendesha pampu.

Fokasi akaketi kwenye majani yenye umande. Alitazamia kuona uchungu. Badala yake aliona nafuu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Hakuna ambaye angemuuliza tena habari za bomba hili. Hakuna ambaye angemcheka. Kaka yake angebaki na kazi yake, nao wangekula pamoja Jumapili kama zamani. Akakaza kifuniko kwa mikono yake mwenyewe. Mgodini alisema bomba limeziba, asiseme zaidi. Mhandisi aliagiza lichimbwe lingine. Lakini mashine ilikuwa mbali, na pasipo kipimo hakuna aliyeona haraka ya kufunga handaki. Pampu zikaendelea kuvuta.

Ulikuwa msimu wa utulivu. Watu walimsalimu Fokasi kwa furaha. Desderi alimletea mkungu wa ndizi. Fokasi aliupokea, akashukuru, na kila alipopita karibu na chemchemi aligeuza uso.

Kisha kahawa ikaiva, ikawa nyekundu mitini, na maji ya kuimenya na kuiosha yakatakiwa kwa wingi. Wanawake walikwenda chemchemini wakakuta tope. Mke wa Desderi, Eufrasia, alirudi na ndoo tupu, akaiweka mlangoni kwa Fokasi mbele ya watu waliokuwa wakikusanyika.

"Shemeji, wewe ndiye mwenye kazi ya kujua. Mbona hukutuambia tena?"

Fokasi aliinua ile ndoo tupu. Angeweza kumtaja aliyeziba bomba, na asingekuwa amesema uongo. Lakini alikumbuka ile nafuu, akaona kwamba mawe yalitiwa na mkono mmoja na kuachwa humo na mkono wake.

"Tangu bomba lizibe nilijua kuwa sijui," akasema, "nikanyamaza."

Ndipo Desderi akasogea mbele, uso umemshuka. "Bomba niliziba mimi. Msimlaumu peke yake."

Hakuna aliyewapiga, wala hakuna aliyewafariji. Handaki la mashariki lilifungwa mwezi ule, na Desderi akakosa kazi. Kahawa nyingi ilioza mitini. Tangu hapo wanawake walipanda kilima cha pili kutafuta maji, na ndugu wale wawili walikwenda nao, kila mmoja na ndoo zake. Bomba jipya likachimbwa. Kila Fokasi alipopima, alipita sokoni akasema alichokiona, kizuri au kibaya, nao walimsikiliza bila kucheka. Baada ya masika kadhaa chemchemi ilirudi, lakini nyembamba, ya kunywa tu, si ya kuoshea kahawa.

Basi nawauliza ninyi mnaonisikia: ni nani yule ambaye mmeacha kumuuliza habari zenu, kwa sababu mnajua atawajibu?