Jina Moja kwa Lango la Ilindi

Kaeni vizuri. Aliyezoea kuondoka kabla hadithi haijaisha, leo atulie, maana mwisho wa hii mtautengeneza ninyi. Mimi nawaletea watu watatu na lango moja, basi.

Chuo cha Ualimu Ilindi kiko nyanda za juu, mahali penye baridi ya kumvalisha mgeni koti mchana kweupe. Ni chuo cha serikali. Kilifunguliwa wakati kila kijiji kilikuwa kinadai shule na kila shule inadai mwalimu. Pembeni mwa uwanja wa mpira waliweka shule ndogo ya msingi, wakaiita shule ya mazoezi, kwa sababu hapo ndipo wanachuo walipokwenda kujifunza kufundisha, kwa kuwafundisha watoto wa kweli. Sheria ilikuwa wazi: chuo kisicho na shule ya mazoezi hakiruhusiwi kutoa walimu.

Ilindi walikuwapo watu watatu waliojaliwa. Kastori Mgaya, fundi mwashi, alijaliwa mikono: ukuta aliousimamisha yeye ulikuwa umenyooka hata ukiutazama kwa nia mbaya. Semeni Luvanda, mkulima na mjane, alijaliwa ulimi: angeweza kukuomba jembe lako nawe ukamshukuru kwa kulichukua. Yusta Haule, mkufunzi wa sayansi, alijaliwa kufundisha, na hicho ni kipaji adimu hata miongoni mwa walimu. Walimu mliopo hapa msinune, mnajua ninachosema.

Mwaka wa matatizo ulianza kwa upepo. Uliezua paa lote la shule ya mazoezi, ukayatupa mabati bondeni yakiwa yamekunjika kama chapati. Watoto wakarudi makwao. Chuo kikaomba mabati wizarani, wizara ikajibu kwa upole kwamba yatakuja, na wote tunaujua upole wa aina hiyo. Kilichokuja ni taarifa kuwa mkaguzi wa kanda angefika muhula uleule. Akikuta darasa lenye paa, watoto ndani yake, na mwalimu anayefundisha kweli, chuo kitaendelea. Kimoja kikikosekana, wanachuo watahamishwa na majengo yatafanywa ghala la mahindi.

Wakati huo Kastori alikuwa na mchumba. Alikuwa amejenga nyumba, ameiezeka kwa mabati mapya yanayong'aa hadi barabarani, na baba wa binti alikuwa amekubali posa kwa sababu ya mabati hayo zaidi ya sababu nyingine yoyote. Kastori aliitazama shule isiyo na paa, akaitazama nyumba yake, akapanda ngazi. Aliezua nyumba yake mwenyewe, akaezeka shule, na nyumba akairudishia nyasi. Baba mkwe mtarajiwa alipokuja kuikagua akakuta nyasi, hakukaa hata kunywa chai. Binti aliolewa na mwenye duka. Kastori hajaoa hadi leo, kwa kuwa aliyempenda alikuwa yule.

Paa likawapo, lakini watoto hawakuwapo. Wazazi walikuwa wamechoka. Kila baada ya wiki chache pale shuleni iliingia sura mpya, mwanachuo anatetemeka, chaki inamkatikia mkononi. Tena wengi wao walichagua somo lilelile, sehemu za mmea, kwa vile mche wa maharage unapatikana popote na haubishani na mwalimu. Mzazi mmoja alimwambia Semeni, "Mwanangu anaujua mzizi wa harage kuliko mimi ninayelilima. Kugawanya hajui. Mtoto wangu si ubao, kila anayepita aandike na kufuta."

Semeni hakubishana naye. Yeye alikuwa na mtoto mmoja tu, Sikujua, msichana mwepesi wa kuelewa, aliyesoma shule nzuri ng'ambo ya bonde, shule yenye walimu wa kudumu. Akamtoa kule, akamkalisha dawati la mbele la shule ya mazoezi, kisha akapita nyumba kwa nyumba na neno moja: "Wangu yupo pale tayari. Wako ana nini zaidi ya wangu?" Watoto wakarudi, darasa likajaa.

Ikabaki kufundisha. Yusta alikuwa amepata nafasi ya masomo ya juu nje ya nchi, nafasi aliyoihangaikia kwa muda mrefu, na basi la kumpeleka kwenye safari hiyo lingeondoka Jumatatu asubuhi. Mkaguzi alikuwa ameahidi Alhamisi, na mkufunzi wa kushika nafasi ya Yusta angefika Jumatano. Akatokea Jumatatu, kama wakaguzi wanavyopenda. Habari ilimkuta Yusta stendi, sanduku limeshapandishwa juu ya basi. Asiyeripoti kwa wakati nafasi yake anapewa mwingine, na hilo alilijua vizuri wakati anamwomba utingo amteremshie sanduku.

Mkaguzi alichagua somo mwenyewe. Akachagua, ee Mungu wangu, sehemu za mmea. Yusta aliinua mche wa maharage, na kabla hajafungua kinywa darasa zima likaanza: mzizi, shina, jani, ua. Wakaendelea na kazi ya kila sehemu, kwa mpangilio, hata pale pa kuvuta pumzi wakavuta pamoja. Mtoto mmoja akamkumbusha Yusta, kwa heshima zote, kwamba hapo sasa mwalimu huuliza nani atakuja kuchora ubaoni. Mkaguzi akafunika kalamu yake, akasema watoto wamekaririshwa ili kumdanganya. Hakuna aliyekuwa amemdanganya mtu. Ndivyo walivyofundishwa tu, na kila aliyepita.

Yusta akafuta ubao. "Vizuri," akasema. "Majibu mnayo yote. Leo sitaki jibu. Nani ana swali?"

Hilo walikuwa hawajawahi kuombwa. Mwishowe Sikujua akainua mkono. "Mwalimu, punje ikifukiwa kichwa chini, mzizi unajuaje chini ni wapi?"

Yusta hakumjibu. Aliwatoa wote hadi shamba la chuo, wakafukua maharage yaliyoanza kuota, na hata kwenye punje zilizolala kichwa chini mzizi ulikuwa umepinda kuelekea chini. Watoto walibishana pale mpaka mkaguzi mwenyewe akachuchumaa, viatu kwenye tope, akauliza swali lake. Chuo hakikufungwa. Nafasi ya Yusta ilikwenda kwa mwingine, nyingine hakupata, na alistaafu na cheo kilekile huku wanafunzi wake wakiwa wakuu wa vyuo.

Sasa nawarusha miaka mingi mbele. Serikali imeruhusu chuo kiitwe kwa jina la mtu aliyekiokoa. Jina hilo litaandikwa langoni na kwenye cheti cha kila mwalimu atakayehitimu Ilindi, kwa hiyo litafika shule nyingi kuliko tunazoweza kuzitaja. Sharti ni kwamba liwe jina moja. Mkuu wa chuo, ambaye siku ya upepo alikuwa hajazaliwa, aliwaita wazee wote watatu ofisini kwake. Semeni, ambaye macho yameanza kumwacha, aliongozwa na Sikujua.

Mkuu alitarajia waoneane haya, kila mmoja amsukumie mwenzake heshima hiyo. Alikuwa hawajui.

"Sina mke wala mtoto," Kastori akasema. "Nilichokosa mnakijua, na sababu mnaijua. Jina langu lisipokaa kwenye ukuta, nikifa nani atalitaja?"

Semeni alimjibu kwamba bila watoto mabati yake yangefunika madawati matupu. Kastori akamjibu kuwa bila mabati watoto wangenyeshewa, na Mama Sikujua angekuwa wa kwanza kumtoa wake. Yusta aliwasikiliza mpaka walipopumua.

"Nami ninalitaka," akasema. "Nimejifanya silitaki tangu niliposhuka kwenye basi lile, na nimechoka. Paa lilikuwapo, watoto walikuwapo, na mkaguzi alikuwa ameshafunika kalamu."

Mkuu akapendekeza wapige kura. Wakapiga, na kila mmoja akajipigia mwenyewe.

Hapo nina jambo la kuwaambia. Sikujua alibaki shule ya mazoezi hadi darasa la saba, muhula baada ya muhula akifundishwa na watu wanaojifunza kufundisha. Mtihani wa mwisho ulimshinda. Hesabu ndizo zilizomwangusha, na katika hesabu, kugawanya. Wenzake aliowaacha ng'ambo ya bonde waliendelea na sekondari, mmoja wao leo ni daktari. Yeye anakaanga maandazi langoni pa chuo na kuwauzia wanachuo. Semeni hajawahi kulizungumza hilo na mtu, na ndilo linalomuuma kuliko yote.

Sikujua aliomba radhi kwa wazee wake, kisha akasema bila kupandisha sauti, "Mzee Kastori alitoa mabati yake. Mwalimu alitoa safari yake. Mama alinitoa mimi. Na mimi sikuulizwa."

Kastori akatazama kofia iliyokuwa magotini pake. Semeni alinyoosha mkono kumtafuta mwanawe, akamkosa, kwa sababu Sikujua alikuwa ameshasogea dirishani.

Mkuu alieleza, kwa sauti ndogo, kwamba anayestahili ni aliyejitolea kwa hiari yake. Yusta akamkumbusha kuwa swali lililomchuchumaza mkaguzi liliulizwa na mtoto huyu, kwa hiari yake, na kwamba yeye Yusta jibu lake hakuwa nalo.

"Basi andika lake," Semeni akasema. "Andika Sikujua."

"Unanitoa tena, mama?" Sikujua akauliza. "Niwe nakaa chini ya jina langu kila asubuhi, nakaanga maandazi?"

Hapo mimi nimefika mwisho wa ninayoyajua. Fundi wa rangi ameshapanda ngazi langoni, brashi yake imelowa, na nafasi iliyobaki pale juu inatosha jina moja. Chini yake Sikujua anageuza maandazi, na atakayelisoma jina hilo wa kwanza ni yeye. Haya, wenzangu: mwambieni fundi aandike nani?