Baruti ya Mara Moja

Tulieni. Na wewe huko nyuma, acha kutafuna, maana leo nawatega.

Walikuwepo watu watatu. Nkwimba alikuwa binti wa fundi wa magobore. Lugembe alikuwa na mikono ya kuunda chochote. Mhoja akilenga, hakosi. Na kila mmoja alikuwa na mtu wake kifungoni kwa mtemi, kwa kukataa kumlimia mashamba: Nkwimba mama yake, Lugembe kaka yake, Mhoja mkewe mjamzito.

Mtemi akatangaza, "Atakayemuua yule mbogo anayeua watu, nitamfungulia mtu wake. Mmoja tu."

Wakaenda pamoja. Mbogo akawakurupusha, wakaponea juu ya jiwe kubwa. Akalala palepale chini, siku mbili, na wao maji hawana. Tena pembe ya kupimia baruti ilidondoka walipokuwa wakikwea. Mhoja akakadiria kwa kiganja, akapiga. Baruti ilikuwa kidogo mno, mbogo akatikisa masikio tu! Iliyobaki ilitosha mara moja, na mtutu ulikuwa na ufa.

"Nikizidisha, unanipasukia usoni," alisema Mhoja. "Nikipunguza, tunafia hapahapa."

Nkwimba akavua kipuli chake cha shaba. "Gobore hili kalitengeneza baba. Baruti yake aliipima kwa kipuli hiki, uzito kwa uzito. Achana na kiganja, kaka."

"Na mizani je, dada?" Lugembe aliuliza, huku keshavunja kibuyu. Akaning'iniza vigae viwili kwenye ncha za mshale, akaushika kwa uzi katikati, huku kipuli, huku baruti. Akaongeza, akapunguza, chembe kwa chembe, mpaka mshale ukalala sawa.

Mhoja akashindilia, akaegemeza shavu. "Sogeeni mbali. Likipasuka, nife peke yangu." Akafyatua. Mbogo akaanguka, hakuinuka tena.

Sasa wako mbele ya mtemi. "Kipimo ni changu," anasema Nkwimba. "Mizani ni yangu," anasema Lugembe. "Uso ulikuwa wangu," anasema Mhoja.

"Nilisema mmoja," mtemi anajibu. "Msipopatana kabla ya jua kuzama, watabaki wote."

Hana haya mtu huyu! Mama anakohoa ndani, kaka anatazama jua, mjamzito ameshika fito za ua kwa mikono miwili. Na nyie mnaonong'ona "wagawane", mtagawanaje mtu?

Haya, ufunguo nimekupa wewe. Utamfungulia nani, na hao wawili utawaambia nini?