Chambo Cheusi Alichompa Shemeji Yake

Kisa hiki kimepita kwa wengi kabla ya kunifikia. Ukimaliza kukisoma, mpelekee yule aliyekujia akilini ulipokuwa ukisoma.

Katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Victoria, pale mto unapoingia ziwani, aliishi mvuvi aitwaye Masatu. Hakuwa mtu wa nyavu. Alivua sangara kwa fimbo na mshipi, na chambo chake alikitengeneza mwenyewe: kipande cha risasi chenye ndoana, kilichovishwa manyoya ya mbuzi.

Maji yakiwa maangavu alitumia chambo cheupe, kinachometa kama dagaa. Yakichafuka alitumia cheusi, kwa sababu ndani ya tope samaki haoni mng'ao, huona kivuli tu. Mambo hayo Masatu hakumfundisha mtu.

Mwaka mmoja hoteli moja ya jirani ilitafuta nahodha wa kuwapeleka wageni kuvua. Meneja wake, mama aitwaye Kokushubira, alisema kazi ataipata atakayeleta sangara mkubwa zaidi siku ya Jumamosi, kabla ya adhana ya adhuhuri. Waliojitokeza walikuwa wawili tu: Masatu, na Bwire, mdogo wa mkewe.

Bwire alikuwa amepoteza nyavu zake zote kwenye dhoruba. Tangu hapo yeye na wanawe walikula kwa Masatu. Masatu hakuwahi kulalamika, lakini kila sahani iliyowekwa mbele yao aliisindikiza kwa macho.

Ijumaa alasiri Bwire alimkuta barazani.

"Shemeji, mtumbwi nimeazimwa, na fimbo nimeazimwa. Chambo ndicho sina. Nisaidie chochote, hata kiwe kibovu."

Masatu alilitazama ziwa. Maji yalikuwa maangavu, mawe ya chini yakionekana. Katika maji kama yale, kitu cheusi kingewatisha samaki wote. Alifungua kopo lake, akatoa chambo cheusi. Kilikuwa kimoja tu.

"Chukua hiki," alisema. "Ndicho ninachokiamini."

Bwire alikipokea kwa mikono miwili. "Mungu akuzidishie, shemeji."

Mvua ikanyesha usiku kucha huko milimani, mto unakotoka.

Asubuhi Masatu aliposhuka ufukweni alisimama ghafla kama aliyepigwa kofi. Mto ulikuwa umefurika, na upande ule wote wa ziwa ulikuwa mwekundu kwa tope, mzito kama uji wa ulezi. Alichovya mkono majini. Vidole vyake vikatoweka.

Hakuhitaji kuelezwa. Alirudi mbio nyumbani, akakisugua chambo cheupe kwa masizi ya sufuria. Alipokitumbukiza ziwani, masizi yote yakaoshwa, kikabaki cheupe vilevile. Kwenda kukidai kile alichokitoa, akisema nini? Alipanda mtumbwi wake akaondoka nacho hivyo hivyo.

Alirusha, akavuta. Akarusha tena, akavuta tena. Hakuna kilichogusa.

Hatua chache kutoka kwake, fimbo ya Bwire ilipinda ghafla hadi ncha ikazama. Watu waliokuwa ufukweni wakasimama. Bwire alihangaika, mtumbwi ukiyumba, mpaka akamwingiza sangara mrefu kama mtoto wa miaka mitano. Masatu aligeuza uso.

Alipotazama tena, Bwire alikuwa anapiga kasia kuelekea kwake. Masatu alijua anakuja kumcheka. Alijiandaa kwa maneno makali.

Bwire alisogeza mtumbwi wake mpaka ukagusana na wa shemeji yake. Akatoa kisu, akakata mshipi, akanyoosha mkono. Kiganjani kulikuwa na kile chambo cheusi.

"Shika, shemeji. Adhana bado. Mimi nimeshapata wangu."

Masatu hakuelewa. "Nikishika hiki nitapata mkubwa kuliko wako."

"Inawezekana."

"Na kazi utaikosa."

"Uliniachia chambo unachokiamini, ukabaki na hicho kisichoshika. Nitakaaje hapa nakutazama?"

Masatu alikitazama kile chambo. Angeweza kunyamaza. Badala yake, maneno yalimtoka yenyewe.

"Bwire, nilikupa hicho ili ukose. Jana maji yalikuwa safi. Nilijua hakifai."

Bwire alimtazama kama mtu aliyesikia habari ya msiba asiyoitarajia.

"Jana hiyo hiyo wanangu walikula kwako," alisema.

"Ndiyo."

Bwire aliinamisha kichwa. Kisha akakiweka chambo taratibu ndani ya mtumbwi wa Masatu, akageuza wake, akaondoka bila kuangalia nyuma.

Masatu hakukifunga kwenye mshipi. Alikaa pale, fimbo mapajani, mpaka adhana ikasikika.

Ufukweni Mama Kokushubira alimuuliza, "Na wewe umeleta nini?"

"Sikuleta kitu, mama. Mchukue Bwire. Na mtu akikuambia nilimsaidia, si kweli."

Nyumbani alimsimulia mkewe, Nyangeta, yote bila kupunguza. Nyangeta hakupiga kelele. Alimtazama kama mgeni aliyekosea nyumba, na Masatu aliona afadhali angemtukana.

"Yule ni mdogo wangu," alisema. "Nenda kamwambie tena mbele ya wanawe, kama ulivyoniambia mimi."

Masatu alikwenda jioni ile ile, akasema kila kitu akiwa amesimama mlangoni. Bwire alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasogeza kigoda karibu na sinia la ugali, akampigapiga bega mwanawe mmoja ili apishe nafasi.

"Kaa, shemeji," alisema. "Chakula kinapoa."

Masatu akakaa kando ya watoto aliokuwa akizisindikiza sahani zao kwa macho, akamega tonge.

Funzo: Ukimsaidia mtu, msaidie kweli. Ubaya uliofichwa ndani ya msaada unaweza usimdhuru aliyepokea, lakini utakuumiza wewe siku atakaposimama mbele yako kukushukuru.